Fungu Alilorudisha Mwalimu Esperance

Saa kumi na mbili asubuhi, ufukweni Minago. Mitumbwi imerudi na taa zimezimwa. Juu ya turubai lililotandikwa mchangani, Mama Chausiku anagawa ndagala, dagaa wa ziwani, kwa bakuli la plastiki. Hana mizani. Anachota, anamwaga, anataja jina, anasogea hatua moja. Wavuvi wamesimama na nguo zao mbichi, kila mmoja na beseni mkononi, wakimwangalia.

Nyuma yao yuko mwanamke aliyevaa koti jeupe la mwalimu na viatu vya kazini vilivyokwisha kulowa. Naye ameshika beseni.

"Hii ya nahodha. Hii ya Asmani. Hii ya mwenye taa." Jina kwa jina, fungu kwa fungu, mpaka karai la samaki wa kugawa linabaki tupu. Jina la mwanamke huyo halikutajwa.

"Mama Chausiku," anasema, "langu sijaliona."

"Fungu yako haiko." Mama huyo, mwenye mitumbwi, hainui hata kichwa. "Ulirudisha wewe mwenyewe, na mikono yako. Mimi sikukunyang'anya."

Mpita njia angedhani hawa wanagombania kitoweo. Laiti ingekuwa hivyo. Anayeuliza ni Esperance Ndayikeza, mwalimu wa hesabu wa darasa la tisa katika shule iliyo juu kidogo ya ufukwe huu, na konkuru, mtihani wa taifa unaoamua nani ataendelea na masomo na nani atabaki nyumbani, iko karibu. Kesho anatakiwa kufika ofisi ya elimu kuthibitisha kwamba anahama. Kinachomleta hapa alfajiri hii ni kwamba hataki tena kuhama, na hajui kama kuna mtu atakayemtaka abaki.

Esperance si mtoto wa ziwa. Amezaliwa Bugarama, kule milimani, kwa wazazi wanaolima maharage na mihogo. Alipopangiwa kufundisha Minago, miaka sita iliyopita, alilia wiki nzima. Joto lilimchosha, harufu ya samaki ilimkaa kwenye nguo, na Kiswahili alikijua cha sokoni tu.

"Nilisema nikae mwaka mmoja, kisha nitafute njia," anakumbuka. "Kila mtu alikuwa anafanya vile."

Hatii chumvi. Mwaka uliotangulia, darasa la tisa lilibadilisha walimu wa hesabu watatu, na hakuna hata mmoja aliyefika na wanafunzi mpaka kwenye mtihani. Tahira, mwalimu wa madarasa ya chini aliyezaliwa jirani na shule, anawakumbuka vizuri.

"Walikuwa wanakaa kama wasafiri," anasema. "Sanduku haifunguliwi. Unaona mutu anafundisha, lakini macho iko kwa barabara."

Kilichomfanya Esperance afungue sanduku si mshahara. Mshahara wa mwalimu, anasema, humaliza safari yake kabla mwezi haujafika katikati, na hilo halijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba mwaka ule wa kwanza ziwa lilipanda. Maji yaliingia darasa la chini kabisa, na badala ya kusubiri maagizo alivua viatu akaanza kubeba madawati pamoja na wazazi. Walibeba mpaka jua likazama. Kesho yake Mama Chausiku akamwita ufukweni.

Mama Chausiku ni mjane mwenye mitumbwi na ulimi mkali, na hapa Minago vyote viwili vinaheshimiwa. Alimwonyesha fungu moja la ndagala kwenye turubai. "Hii ni yako," akamwambia. "Kuanzia leo uko mu mutumbwi."

Mgeni anaweza kufikiri hiyo ilikuwa zawadi. Wenyewe wanasema fungu ni nafasi ya kukaa. Mwenye fungu huulizwa jambo linapoamuliwa, husikilizwa anapolalamika, na akiugua mtu huenda kumwangalia. Kwa mwalimu Esperance, pale kwenye turubai ndipo palipokuwa baraza lake. Aliuliza mbona mtoto wa fulani haonekani darasani, naye akajibiwa papo hapo, mbele ya baba wa mtoto. Aliyepelekwa Kizuka, kwenye mashamba ya michikichi, kusaidia kukamua mawese alirudishwa. Aliyechoshwa na kazi za usiku aliachwa alale.

Kisha zikaja taa. Mbalamwezi ikiwa kali, ndagala hawafuati taa za wavuvi, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Siku hizo wavuvi walipandisha taa zao shuleni, wakazitundika kwenye boriti za darasa, na watahiniwa wakafanya mazoezi ya hesabu jioni.

"Mshahara hauwezi kunitoa nyumbani jioni nirudi kazini," anasema Esperance. "Zile taa ziliweza. Mtu ametoa kitu anachopata nacho chakula, ameniletea nifundishie. Ningesemaje nimechoka?"

Ndivyo miaka sita ilivyopita. Wala haikuwa bila maumivu. Mumewe, Evariste, ni fundi wa magari Bujumbura, na binti yao, Agata, mwenye miaka sita, analelewa huko na baba na nyanya. Esperance humwona mwisho wa mwezi. Mara ya mwisho, mtoto alimwita shangazi kwanza, kisha akajirekebisha.

Mwaka huu wa shule ulileta mkuu mpya. Anaitwa Karoli, na si mtu mbaya, hilo lisemwe mapema. Kila siku anafika kwa pikipiki kutoka Rumonge mjini kabla ya walimu wote. Ametengeneza paa lililokuwa likivuja na ameleta chaki. Lakini alikotoka, mbali na hapa, aliona mwalimu mwenzake akishtakiwa kwamba aliuza alama za mtihani kwa kupewa mbuzi. Kesi ile ilimla kila mtu, mwenye kosa na asiye na kosa. Karoli alitoka salama, ila hofu alikuja nayo.

Muhula wa tatu ulipoanza, aliwakusanya walimu. Alisimama, akasoma agizo: hakuna mwalimu kupokea kitu chochote kutoka kwa mzazi mpaka konkuru ipite, na atakayepokea ataandikiwa ripoti. Kisha akauliza kama kuna maswali, huku akifunga mkoba wake. Walimu waliangaliana tu. Tahira, mwenyeji ambaye angeweza kusema neno, alikuwa nyumbani na mtoto mgonjwa.

"Mwalimu akikula samaki ya muzazi, kisha mutoto wa ule muzazi akafaulu, watu watasema nini?" Karoli anaeleza, akiwa ameketi ofisini mwake. "Mimi niko nalinda walimu."

Je, aliwahi kuuliza kwa nini samaki wale wanatolewa? "Hapana," anasema. "Nilizani ninajua."

Basi Esperance akatii. Fungu la asubuhi iliyofuata alilibeba lote kwenye beseni, akalipeleka nyumbani kwa Mama Chausiku, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa kwao. Alisema murakoze cane, yaani asante sana, akamwomba mama alishike kwanza, siku zijazo Mungu akipenda atalipokea. Sababu hakuitaja. Mambo ya kikao cha walimu hakutaka kuyaanika kwa wazazi.

Kwao Bugarama, anayerudisha kitu kwa mikono miwili na maneno mazuri amempa mwenyewe heshima. Kitu kinawekwa, siku yake ikifika kinatolewa tena, na urafiki uko palepale. Wavuvi walikuwa uani wakishona wavu. Mama Chausiku alitazama beseni, akamtazama mwalimu, akalipokea. Akasema, "Sawa."

"Nilirudi nyumbani nimefurahi," Esperance anasema, na kicheko chake hakina furaha yoyote. "Nikasema, huyu mama ana akili, ameelewa bila kuambiwa."

Alielewa, tena bila kuambiwa. Ila alielewa kitu kingine kabisa. Kwenye ufukwe huu, mvuvi anayeacha mtumbwi wa mtu hatoi hotuba. Kumwambia mwenye mtumbwi mbele ya watu kwamba unamwacha ni kumvunjia heshima. Unachofanya ni kumrudishia fungu lako la siku. Yeye anapokea, anasema sawa, yamekwisha, na usiku unaofuata mtu mwingine anakaa mahali pako. Hakuna kuulizwa sababu wala kubembelezana.

Kila mtoto wa Minago analijua hilo. Mwalimu wa kutoka milimani alikuwa amekula samaki hao miaka sita na hakulijua, kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwacha Mama Chausiku.

Mbalamwezi iliyofuata, taa hazikupanda. Esperance alikaa na watahiniwa darasani mpaka maandishi ubaoni hayakuonekana tena, akawaambia waende nyumbani. Siku chache baadaye madawati ya mbele yakaanza kubaki matupu, kisha ya nyuma. Kati ya watahiniwa zaidi ya thelathini, jioni walikuja tisa.

Aliyemuuma kuliko wote ni Sabrina, binti wa mvuvi Asmani, mwanafunzi anayemaliza swali la hesabu wakati wenzake bado wanalinakili. Baba yake alimpeleka Kizuka kwa shangazi, kwenye mashine ya kukamua mawese.

"Mwalimu ameisha kutoka mu mutumbwi," Asmani alimwambia mwandishi wa makala haya, wala hakuona sababu ya kuomba radhi. "Mbele yake tuliona watatu wanaenda vile vile. Mutoto atabaki pale kufanya nini? Afundishwe na ukuta?"

Hakuna aliyemtukana Esperance, na pengine matusi yangekuwa nafuu. Watu walimwamkia amahoro, wakapita. Wanawake bombani walinyamaza alipofika na ndoo. Aliyekuwa akimwachia mihogo mlangoni hakumwachia tena. Yeye akatafuta kosa lake mchana na usiku asilione.

"Nilijiona kama mwizi ambaye hajui ameiba nini," anasema. "Mwishowe nikasema, wamenichoka. Basi."

Katika siku hizohizo Sabine akapiga simu. Sabine ni mwalimu wa hesabu Bujumbura, mumewe ana mashamba ya michikichi Kizuka, na kwa muda mrefu alikuwa akimwomba Esperance wabadilishane vituo. Walimu wanaiita permitasiyo. Miaka yote Esperance alikuwa akimjibu bado. Safari hii alisema ndiyo kabla Sabine hajamaliza kuuliza.

Bujumbura ilikuwa sherehe. Evariste alipaka rangi chumba. Agata alizunguka kwa majirani wote akitangaza kwamba mama yake anakuja na haendi tena. Kilichobaki ni wote wawili kuthibitisha mbele ya ofisi ya elimu siku ya Ijumaa.

Jumatano jioni, Tahira alikwenda nyumbani kwa Esperance kuazima chaki, akakuta katoni sebuleni, vitabu vimeshapangwa ndani. Alianza kulia akiwa bado mlangoni.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Watu banasema uko naenda, mimi nawabishia. Hata waliponiambia ulirudisha fungu, nikasema banadanganya."

"Fungu imefanya nini?" akauliza Esperance.

Tahira alimweleza. Esperance alikaa chini juu ya katoni, na katoni ikabonyea na vitabu vyake. Usiku ule hakulala. Alimkasirikia Karoli aliyeamuru bila kuuliza, akamkasirikia Mama Chausiku aliyepokea bila kuuliza, na zaidi ya wote akajikasirikia mwenyewe. Watu watatu wazima, kila mmoja na heshima yake, na watoto wa watu wanakamua mawese.

Ndiyo maana Alhamisi hii, kabla ya kwenda kazini, amesimama ufukweni na beseni tupu.

"Sikurudisha ili nitoke," anamwambia Mama Chausiku. "Diregiteri alikataza tusipokee kitu mpaka konkuru. Kwetu ukirudisha kwa heshima, kitu kinangoja. Sikujua kwamba hapa ni kuaga."

Mama Chausiku anainuka polepole, mkono kiunoni. "Juu ya nini haukuniambia?"

"Na wewe mama, kwa nini haukuniuliza?"

Wavuvi wanaangalia mchanga. Hapa Minago watu hawamjibu Mama Chausiku namna hiyo. Nahodha anakohoa. Mwenye mitumbwi anamkazia macho mwalimu, na kwa muda haijulikani kama atacheka au atamfukuza.

"Wangapi walirudisha fungu na mimi nikawauliza?" anasema hatimaye. "Ningeanza na wewe juu ya nini? Nilikuwa na haya. Nilisema, kama huyu naye anatuacha, basi sisi ndio tuko na kitu kibaya."

Anajifanya kusafisha bakuli.

Ipo njia ya kurudi, lakini ni nyembamba. Aliyetoka mtumbwini hapewi fungu jipya na mwenye mtumbwi. Watu wote wa mtumbwi humkatia, kila mmoja kutoka kwenye fungu lake, na akikataa mmoja tu, hakuna kurudi. Mama Chausiku anawageukia wavuvi. Hakuna anayeinama kuchota.

Asmani ndiye anayetangulia kusema. "Mwalimu, tuambie kweli. Banasema unaenda Buja. Unaenda ao hauendi?"

Angeweza kusema hapana, jambo likaisha. Hakuna ufukweni aliyeiona ile katoni.

"Nilikubali kwenda," anasema Esperance. "Kesho tunapaswa kuthibitisha."

Minong'ono inapita kati ya wavuvi. Asmani anainamia fungu lake, anaanza kulisomba kwenye beseni. "Basi tunamukatia fungu ya nini?" anauliza. Na haki yake, swali ni zuri.

Esperance anatoa simu kwenye mfuko wa koti. Anampigia Sabine palepale, miguu kwenye mchanga mbichi, watu wote wakimtazama. Hajaweka kipaza sauti, ila ziwa limetulia na Sabine ana sauti ya darasani.

"Esperance! Niko nafunga vitu hapa, nyumba yote iko juu chini."

"Sabine, nisamehe. Sitabadilisha."

"Uliniahidi."

"Ninajua."

"Bwana yangu ametengeneza nyumba. Nimeaga shuleni. Watoto wangu nimewaambia. Unajua nini, Esperance? Unajua nini wewe?"

Simu inakatika. Esperance anabaki nayo sikioni kama mtu anayeendelea kusikiliza, machozi yakimshuka hadi kidevuni, na hakuna anayemwambia pole. Si jambo la kushangilia. Mwanamke mmoja amebaki Minago na mwingine, aliyeahidiwa, ameachwa na mizigo yake mlangoni.

Mama Chausiku anachota konzi moja ya ndagala kutoka fungu lake mwenyewe na kuimwaga mahali palipo wazi kwenye turubai. Nahodha anafuata. Wengine wanafuata, mmoja mmoja, bila haraka. Anabaki Asmani, beseni begani.

"Sabrina nitamutoa Kizuka leo," anasema. "Lakini mwalimu, siku yako ya kwenda ikifika, tuambie na mudomo. Sisi tutavumilia." Anashusha beseni, anachota kwa mikono miwili, anamwaga.

Habari ingeweza kuishia hapo kama si lile agizo, ambalo halikuwa limefutwa. Esperance alijua. Alipanda na beseni lake mpaka shuleni, akapita getini wanafunzi wakimwona, akaingia ofisini na kuliweka juu ya meza ya mkuu wa shule, katikati ya karatasi zake.

"Diregiteri, nimepokea," alisema. "Niandikie ripoti."

Karoli alisimama. Wanaomfahamu wanasema hawajawahi kumwona akitoka jasho saa moja asubuhi. Nyuma ya Esperance alikuwa ameingia Tahira, na nyuma ya Tahira walimu wengine, mpaka ofisi ikajaa na mlango haukufungika. Esperance akaeleza yote, kuanzia beseni la kwanza mpaka simu ya Sabine.

"Mnataka nifungwe," Karoli alisema. "Nikiruhusu, mutu mmoja akashitaki, ni mimi watakayekuja kushika. Si ninyi."

Hakuna aliyecheka. Hofu yake ilikuwa ya kweli, na kila mwalimu pale aliijua kwa jina.

"Diregiteri," Tahira akasema, "hakuna mutu alikuambia uogope peke yako. Lakini haukutuuliza. Hata mumoja."

Karoli alitazama beseni, akawatazama walimu. Kisha akavuta kiti akakaa, kitu ambacho hakuwahi kufanya katika kikao chochote tangu aje.

"Basi niambieni," akasema. "Tufanye je?"

Kengele ilichelewa kugongwa siku hiyo. Walikubaliana kwamba mpaka konkuru ipite, fungu la mwalimu litapikwa shuleni, sufuria wazi uani, na kila mtahiniwa anayebaki kwa mazoezi atakula, wa mzazi mwenye mtumbwi na wa mzazi asiye na kitu. Mzazi mmoja atakuwepo. Walimu watakula palepale mbele ya watu, wasibebe kitu nyumbani.

"Na mimi?" aliuliza Karoli.

"Wewe ndiye wa kwanza," akajibiwa na Tahira.

Mkuu wa shule amewaarifu wakubwa wake jambo hilo mwenyewe, asisubiri kushtakiwa. Mpaka makala haya yanaandikwa hajajibiwa. Linaweza kuja neno la kusimamisha sufuria wakati wowote, na kila pikipiki isiyojulikana inapoingia getini, Karoli husimama kwenda dirishani.

Mbalamwezi iliporudi, taa zilipanda. Watahiniwa wengi wamerejea, Sabrina akiwa miongoni mwao, kucha zake bado zina rangi ya mawese. Siku ya kwanza alikosa maswali aliyokuwa akiyaweza amefumba macho, akalia kwa hasira. Wapo ambao hawakurudi. Wawili walivuka kwenda Kongo kutafuta kazi, na wazazi wao hawana namba ya kuwapigia.

"Hao wawili ni wangu," anasema Esperance. "Agizo halikuwa langu, lakini beseni nililibeba mimi."

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Evariste alipoambiwa, alikata simu, na kwa siku mbili hakupokea. Jumapili alijitokeza Minago bila taarifa, Agata kamshika mkono. Hakumsalimia mkewe kwa maneno mengi. Aliuliza shule iko wapi, akaizunguka, akagonga kuta kwa ngumi kama anavyokagua gari la mtu, akasimama muda mrefu kwenye mlango wa darasa la kwanza.

"Nilikuja kumuchukua," anakiri Evariste. "Nilifika nikakuta kuna watoto wako ndani Jumapili, banafanya hesabu, na hakuna mutu aliwalazimisha. Ningesema nini? Lakini bado naumia. Andika hivyo."

Wamekata shauri kwamba mwaka mpya wa shule ukianza, Agata atakuja kuishi na mama yake na ataingia darasa la kwanza, kwa Tahira. Evariste anaulizia kazi kwenye magereji ya Rumonge mjini. Hajapata. Sabine amepigiwa simu mara nyingi na hajajibu hata moja, na Esperance anasema ataendelea kupiga.

Anapoulizwa kama darasa lake litafaulu, mwalimu huyu haleti maneno matamu. Wiki walizopoteza haziwezi kurudi zote, anasema, na wengine wataanguka. Anafunga daftari za mazoezi kwa kamba, anaziweka kwapani, anatoka nje ambako sufuria imeanza kuchemka.

"Walimu wote waliopita hapa walienda kabla ya matokeo," anasema. "Watoto walikuwa wanaenda kuyaangalia ubaoni peke yao. Mimi nataka niwepo siku ile. Aliyefaulu anione, na aliyeanguka anione."

Kisha anaita jina la kwanza, na Sabrina anakuja na sahani yake.